Simu Mbili, Namba Moja ya Uanachama

Chebet ameniambia niandike ninayoyajua kabla sijayasahau, akanipa na daftari jipya, kana kwamba sikufanya kazi kwenye kompyuta yake miaka tisa. Daftari nimelipokea. Ninyi mnaobaki katika ile ofisi ya juu ya duka la mbegu hapa Kitale mna vyeti, na vyeti ni vitu vizuri, lakini kuna mambo ambayo hayajaandikwa popote isipokuwa kichwani mwangu, na kichwa changu hakina nakala ya akiba.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Mwalimu wa sayansi alikuwa na redio mbovu kabatini, akakataa kuifungua mbele yetu tuone kilichomo. Alisema hilo halimo kwenye mtihani. Nikaenda nyumbani Myanga, nikafungua ya baba. Ndani kulikuwa na vitu vingi kuliko nilivyotarajia, na si vyote vilivyorudi. Kabla baba hajatoka shambani nilikuwa nimeshadandia lori la mahindi.

Tangu hapo nimekuwa utingo, mwendesha kinu cha kusaga, mchomeleaji, mchaji wa betri za gari kwa watu waliotaka kutazama mpira, fundi wa redio, na mwishowe fundi wa simu pale Kipsongo. Hakuna kazi iliyonichosha kwa ugumu wake. Zilinichosha nikishazielewa. Siku nilipokijua kinu mpaka boliti ya mwisho, nilianza kuangalia barabara. Na kila mahali niliondoka kwa namna ile ile: asubuhi na mapema, mfuko begani, bila kumwambia mtu. Waliokuwa wakinitegemea waligundua kwa kukuta mlango umefungwa. Nalitaja hili kwa sababu litarudi mbele.

Chebet alinikuta Kipsongo kwenye kibanda changu. Ni mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, kwa umri angekuwa binti yangu, na wakati ule alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kufunga vipimajoto kwenye matangi ya kupozea maziwa ya vyama vya ushirika. Aliniwekea mezani kibao cha saketi chenye ukubwa wa kiberiti, kimenyeshewa, kimekufa. Nilikisugua kwa spiriti na mswaki wa zamani, nikalehemu upya miguu miwili iliyokuwa imeachia, taa yake ikawaka. Mteja mwingine angelipa akaenda zake, nami ningeendelea na simu zangu. Lakini nilimwuliza kile kitu kinaongea na nani.

"Na simu," akasema.

"Simu gani?"

"Yoyote inayotaka kusikia."

"Na hakijui ni ya nani?"

"Hakijui na hakijali."

Siku hiyo sikuweza kutengeneza kitu kingine. Nilikaa nikiwaza juu ya mashine inayoongea bila kujua msikilizaji wake, na Jumatatu nilipanda ngazi za ofisi yake nikiwa nimevaa shati la kanisani. Alikuwa na meza mbili na kiti kimoja. Nilikalia kreti ya soda kwa mwezi mzima, na bado nasema kreti ile ilikuwa nzuri kuliko viti mlivyonavyo sasa, maana huwezi kusinzia juu yake.

Wiki ya kwanza alinifundisha jambo moja tu. Kifaa kilichoko kwenye tangi kina betri ndogo na laini ya simu yenye mtandao wa kuvizia, kwa hiyo hakiwezi kupiga soga. Kinatuma maneno machache kwa seva: tangi la ushirika wa Ndalu, digrii nne. Kikishasema, kimemaliza. Simu nayo huiambia seva: mimi nataka kila habari ya tangi la Ndalu. Seva inakaa katikati kama mwenye duka ambaye kijiji kizima humwachia ujumbe, na kazi yake ni kukumbuka nani anataka kusikia nini. Lugha hiyo ya mashine huitwa MQTT. Niliuliza mara moja herufi hizo zinasimamia nini, nikaambiwa hata wenyewe hawakubaliani, nikaacha.

Ili simu iongee lugha hiyo, huhitaji kuiandika yote mwenyewe. Kuna maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine, unauweka ndani ya programu yako na kuuagiza: jiunge, sikiliza, tuma, aga. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kusikia redioni, hivyo nilisoma maelezo yake kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku. Kisha nilifuta mstari mmoja wa msimbo, nikaendesha programu nione itavunjika wapi, nikaurudisha, nikafuta unaofuata. Chebet alinitazama siku mbili, halafu akasema watu wengine husoma maelezo wakayaamini. Nikamjibu kwamba nimeyasoma, sasa natafuta kujua kama yanasema kweli. Mara nyingi yalisema kweli. Zile mara nyingine ndizo zilizonipa kazi.

Niliyoyapata kwa njia hiyo ni haya. Maktaba hutuma pigo dogo kwa seva kila baada ya muda, kama mtu anayekohoa kuonyesha hajalala, na ukiweka muda huo kuwa mrefu mno, mtandao wa huku kwetu hukata waya bila kukuambia na simu ikaendelea kudhani imeunganishwa. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo wakulima wanazo, huua programu yoyote isiyoonekana kwenye kioo ili kuokoa betri. Msiwalaumu wakulima. Wafundisheni kuizima hiyo huruma ya betri, na muwafundishe kwa vidole vyao wenyewe. Mkishika simu yao mkabonyeza ninyi, wamejifunza kwamba ninyi mna haraka.

Kuna ujumbe unaobaki kwenye seva hata baada ya kutumwa, ili simu inayojiunga baadaye ipate habari ya mwisho. Ni jambo jema hadi siku kipimajoto kinapokufa. Myanga, watu wa nyumbani kwangu walitazama digrii nne ya kijani kibichi kwa siku tatu, na ilikuwa digrii nne ya Jumanne. Tangu hapo sijawahi kuonyesha joto bila kuonyesha saa yake.

Na kuna wosia. Kifaa au simu inapojiunga, huiachia seva maneno ya kutangaza iwapo itapotea bila kuaga. Ikikatika ghafla, seva hungoja kidogo, kisha huwatangazia wote: fulani hayupo. Ikiaga ipasavyo, seva hutupa wosia na hakuna anayesumbuliwa. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu, na Chebet alipouliza ninacheka nini nikamwambia nimeona jina langu.

Sasa nifike Ndalu.

Msimamizi wa tangi la Ndalu alikuwa Roselyne, ambaye soko lote humwita Mama Ivy. Asubuhi alipokea maziwa, akayapima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji na kwa spiriti kuona kama yameanza kuharibika, na mwenye kutia maji alirudishiwa mkebe wake mbele ya watu. Hakuchagua. Mzee Kariuki, mwenyekiti wa ushirika, ambaye babake alihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati na kupanda kahawa iliyokataa, alirudishiwa mkebe mara mbili. Alisema amelisahau jambo hilo, na alilisema mara nyingi.

Niliwaandikia programu ya simu. Kila mwanachama aliingia kwa namba yake ya uanachama, akaona joto la tangi, na msimamizi alipata mlio wa hatari maziwa yakianza kupata joto. Seva huhitaji kuijua kila simu kwa jina lake. Maelezo ya maktaba yalionya kwamba jina hilo lisifanane na la simu nyingine. Nikawaza: ni kitu gani Ndalu hakifanani na kingine? Namba ya uanachama. Hakuna namba mbili zinazofanana kwenye daftari la ushirika. Nikaifanya namba hiyo kuwa jina la simu, nikajisifu kwa kuokoa mistari kumi ya msimbo.

Mtu wa mbali angekuwa na udhuru. Mimi nilikulia kwenye boma la namba moja. Najua tangu utoto kwamba kwa ushirika namba si ya mtu, ni ya nyumba. Ng'ombe ni wa baba kwenye karatasi, anakamuliwa na mama, maziwa yanapelekwa na yeyote mwenye baiskeli nzima, na wote wanataja namba ile ile. Nilijua hayo yote, na nilipokaa mbele ya kompyuta niliyaacha mlangoni pamoja na viatu vyenye tope.

Mume wa Mama Ivy ni Wekesa, anauza vipuri vya baiskeli soko la Myanga na hurudi Ndalu mara chache kwa wiki. Alisikia kuna programu inayoonyesha maziwa, akaiweka kwenye simu yake, akaingia kwa namba ya nyumba. Hakuficha, wala hakuona sababu ya kumwambia mtu. Kuanzia hapo simu mbili zilikuwa zikijiita kwa jina moja. Seva haikubali hilo: ya pili ikiingia, ya kwanza inatupwa nje. Ya kwanza, kwa kuwa maktaba nzuri haikati tamaa, inajiunga tena, na ya pili inatupwa nje. Niliiona namba yao ikiingia na kutoka kila baada ya sekunde chache, nikalaumu mnara wa mtandao wa Ndalu. Kulaumu mnara ni raha, maana haujibu.

Jumapili moja stima ilipotea Ndalu saa tatu asubuhi. Maziwa yalikuwa yameingia muda mfupi uliopita, bado hayajapoa. Jenereta ipo, lakini huwashwa kwa mkono. Mama Ivy alikuwa kanisani na simu yake, kama ilivyoruhusiwa, na kanisa lao halina stima ya kupotea. Aliporudi saa nane tangi lilikuwa vuguvugu, na maziwa yaliganda kwenye kipimo cha spiriti. Yalimwagwa yote, ya nyumba zote.

Jumatatu Mzee Kariuki alinipigia akitaka kujua kama programu ilitoa mlio. Nikafungua kumbukumbu za seva. Mlio ulitumwa saa tatu na dakika kumi, na dakika hiyo hiyo simu yenye namba ya Mama Ivy ilijibu kwamba imepokea. Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi, kwa sababu mfumo wangu ulikuwa umefanya kazi. Nilipiga chapa ukurasa ule, nikaugonga muhuri wa ofisi, nikamtumia.

Kufikia Jumanne Mama Ivy alikuwa amesimamishwa. Kamati ingekaa Ijumaa kumfuta kazi. Sokoni ilisemwa kwamba aliuona mlio akaendelea kuimba. Jioni alinipigia.

"Mzee Simiyu, hiyo karatasi yako iko na uongo."

Nilimweleza kwa upole kwamba karatasi imeandikwa na seva, si na mimi, na seva haina ugomvi na mtu.

"Basi seva ndio iko na uongo," akasema. "Simu ilikuwa kwa mkono yangu. Maneno ya wimbo ya kwaya iko ndani ya hiyo simu, nilikuwa nasoma nikiimba. Kama ingelia si ningeona? Ningekuwa naimba digrii."

Mtu anayedanganya husema simu ilikuwa kwenye mkoba au ilikuwa imezima. Hajiwekei simu mkononi na kioo kinawaka.

Nikafungua kumbukumbu tena, safari hii nikisoma hata safu ambazo huwa siangalii. Namba ile moja ilikuwa ikiingia kupitia mitandao miwili, ya kampuni mbili za simu zilizo tofauti. Nikamwuliza ana laini ngapi. Akasema moja, nyingine ya nini. Nikamwuliza nani mwingine anatumia namba ya nyumba.

"Baba Ivy ako nayo kwa simu yake," akasema. "Kwani ni mbaya?"

Wekesa nilimpigia dakika hiyo hiyo. Hakunificha kitu. Jumapili alikuwa Myanga kwenye kikao cha harusi ya mpwa wake, simu ikalia ikisema tangi lina joto. Alijua mkewe ameona, maana hiyo ni kazi yake, akaifunga wakaendelea kuzungumzia sufuria.

Mlio ulifika katika zile sekunde chache ambazo simu ya Wekesa ndiyo iliyokuwa ndani na ya mkewe imetupwa nje. Simu ya Wekesa ikajibu kwa niaba ya namba yao, seva ikaandika imepokelewa, mimi nikapiga muhuri. Nilikuwa nimepiga chapa kosa langu mwenyewe na kumkabidhi mwenyekiti kama ushahidi dhidi ya mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi nilipita ofisini kuacha funguo. Mfuko ulikuwa begani. Nilitegemea kukuta pamefungwa, nami nizipenyeze chini ya mlango kama nilivyofanya kwingine, lakini Chebet alikuwa amefika mbele yangu, anakunywa uji. Aliutazama mfuko kabla ya kunitazama mimi.

"Safari ya wapi, mzee?"

Nikasema ni safari tu, nikaweka funguo mezani. Nilikuwa nimeshamweleza yote usiku kwa ujumbe, na nilifikiri ujumbe unatosha.

"Kesho nitaenda Ndalu niseme kosa ni letu," akasema. "Kampuni ni yangu. Lakini mimi nikieleza, naanza kuongea Kiingereza, na watasema naficha kitu. Wewe ukieleza mashine, inaonekana. Ukienda leo, huyo mama anafutwa kesho."

Kisha akazisukuma funguo mpaka upande wangu wa meza, akarudi kwenye uji wake. Nilikaa kwenye kiti. Wakati huo nilikuwa na kiti.

Kikao kilikuwa kwenye ghala la ushirika, kati ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Kamati ilikaa mbele, wanachama kwenye mabenchi, Mama Ivy peke yake pembeni na mikono kwenye mapaja, Wekesa nyuma kabisa karibu na mlango. Ukurasa wangu wenye muhuri ulikuwa mezani mbele ya mwenyekiti, umepigwa mstari chini ya saa tatu na dakika kumi. Chebet alisema kwa ufupi kwamba kampuni yake ina jambo la kuonyesha, akaketi.

Sikuanza kwa maneno. Nilimwomba Mzee Kariuki simu yake na namba yake ya uanachama, nikamwomba mweka hazina simu yake pia. Nikaziweka mezani bega kwa bega, watu wakasogea. Kwenye programu ile kuna duara juu kabisa: kijani umeunganishwa, nyekundu umekatika. Simu ya mwenyekiti ilikuwa kijani. Nikaingia kwa namba yake kwenye simu ya mweka hazina. Ikawa kijani, na ya mwenyekiti ikawa nyekundu papo hapo. Sekunde chache baadaye zikabadilishana. Kisha tena. Zilikuwa zikisukumana kama watoto wawili kwenye kiti kimoja. Nikampa Chebet ishara, akatuma mlio wa majaribio kwa namba ile kutoka kwenye kompyuta. Ikalia moja, ya mweka hazina. Akatuma tena. Ikalia ya mweka hazina tena. Ya mwenyekiti, ambayo namba ilikuwa yake, haikulia mpaka mara ya nne.

"Sasa mimi nimepokea ama sijapokea?" Mzee Kariuki akauliza.

"Karatasi yangu ingesema umepokea, mara zote nne," nikamjibu. "Namba yako imepokea. Haiwezi kusema ni simu gani, kwa sababu mimi nilizipa simu mbili jina moja. Maelezo yalinikataza. Mama Ivy hakupata kitu Jumapili. Kosa ni langu."

"Kwa hivyo maziwa yetu imemwagwa na wewe."

"Ndiyo, mwenyekiti."

Nimekaa mbele ya watu wenye hasira mara nyingi maishani, lakini kwa kawaida nilikuwa karibu na mlango. Kule mlangoni ndiko alikosimama Wekesa. Alivua kofia akasema mlio ulifika kwake, naye ndiye aliyeufunga, na hakujua kwamba akipata yeye mkewe hapati. Hakumtazama mkewe alipokuwa akisema hayo. Watu waliguna, wengine wakaanza kutazama simu zao kwa jicho jipya, na nikaona kwamba nyumba ya Wekesa haikuwa peke yake.

Nilidhani Mama Ivy atashukuru. Hakushukuru. Alisimama akanitazama mimi, si kamati.

"Wiki mzima watu wananiangalia kama mtu ameiba. Pole yako nimesikia. Sasa sikiliza. Simu ikipokea si mimi nimepokea. Weka mahali mtu anabonyeza aseme nimeona, na jina yake itokee, wote wasome. Na kama hakuna mtu amebonyeza, iendelee kulia. Ilie kwa wote. Ilie mpaka kwa chairman."

"Hata wakati wa maombi?" Mzee Kariuki akauliza.

"Hata hapo, chairman. Utasema amina ukikimbia kwa jenereta."

Mabenchi yalicheka, na mwenyekiti, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akacheka pia. Akauchukua ukurasa wangu wenye muhuri, akaukunja mara nne, akauweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Mama Ivy alirudi kazini Jumamosi. Inasemekana mkebe wa kwanza alioukataa ulikuwa wa Wekesa, lakini sikuwepo, na Wekesa hukanusha.

Sasa mnajua kwa nini kila simu hujitungia jina lake siku programu inapowekwa, herufi ndefu zisizo na maana, na kulihifadhi hapo hapo. Namba ya uanachama inaamua tu unaruhusiwa kuona nini. Mstari ule wa msimbo msiuguse. Mnaweza kubadilisha maktaba, najua mnataka, hii ya sasa imezeeka na mimi sina undugu nayo. Lakini maktaba yoyote mtakayochukua itawapa jibu la kuthibitisha kwamba ujumbe umefika, na mtashawishika kuliamini kupita kiasi. Jibu hilo ni la mashine kwa mashine. Halijui kama mwenye simu yuko kwenye kikao cha harusi. Kitufe cha Nimeona ndicho pekee kinachojua, na hakikutungwa ofisini. Kilitungwa ghalani na mtu aliyekuwa karibu kupoteza kazi kwa sababu yangu.

Kitufe hicho kilinichukua majuma mawili. Kilipokamilika nilikuwa nimeielewa kazi yote, kuanzia kipimajoto hadi kioo cha simu, na kwa desturi yangu hapo ndipo barabara ingeanza kuniita. Iliita. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba mashine nimeielewa na watu wake bado, na hao hawana maelezo ya kusoma kwa kamusi. Nikabaki. Nilikwenda kila boma nililoweza, nikauliza nani anakamua, nani anapeleka, simu inakaa kwa nani mchana. Mengi ya mnayoyaona kwenye programu leo yalitoka huko, na chai yake ilikuwa nzuri.

Ijumaa iliyopita Ndalu waliniandalia chai ya kuniaga katika ghala lile lile. Mzee Kariuki alisimama kuhutubia, akafika mahali pa kusema jinsi yeye na mimi tulivyotatua lile tatizo la simu mbili. Hapo stima ikapotea. Baada ya muda simu zikaanza kulia mifukoni, zote, benchi zima, na yangu pia, maana jina langu lilikuwa bado kwenye orodha. Niliitoa haraka. Mkono haujui kustaafu. Lakini kabla kidole hakijafika, kioo kilikuwa kimeshageuka kijani, na chini yake neno moja na jina: Nimeona, Mama Ivy. Nikatazama kiti chake. Kilikuwa kitupu, na kikombe juu yake bado kinatoa mvuke. Nje jenereta ilikohoa mara mbili, ikashika.

Mwenyekiti aliendelea kwa sauti kubwa zaidi. Mimi nilifungua programu, nikashuka mpaka mwisho wa ukurasa, nikabonyeza pale pa kuaga, nikangoja mpaka seva ikajibu. Duara likazima bila kuwa jekundu, na hakuna simu ya mtu iliyotangaza kwamba nimepotea. Kisha nikasimama, nikaanza kupeana mikono na watu, mmoja baada ya mwingine, nikianzia nje kwenye chumba cha jenereta.